Kwanza Kigingi, Kamera Baadaye

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Navakholo, katika semina ya siku moja juu ya kutunza udongo na chemichemi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa vikundi ambavyo havikuweza kufika vimeomba viyasome.)



Nimeombwa niseme juu ya picha. Nilipoambiwa nilicheka kidogo, maana mimi si mpiga picha. Mimi ni mfanyakazi wa maendeleo ya jamii, nilisomea diploma, na wengine wenu huniita Sista ingawa nina mume na watoto watatu. Lakini katika kazi hii nimebeba kamera karibu miaka ishirini. Nimepiga picha za visima, mashimo, mashamba na miti, na nyingi hazikumsaidia mtu yeyote. Nafikiri ndiyo sababu mmeniita. Aliyeanguka mara nyingi anajua mahali penye utelezi.

Wacha nianze na jambo lililotufikisha hapa. Kikundi kimoja, sitakitaja kwa sababu wenyewe wameketi humu na wanatazama chini, kilikuwa na shilingi 45,000 benki. Pesa hizo zilikusanywa kidogo kidogo kwa ajili ya korongo linalokula mashamba ya watu wanne na njia ya watoto ya kwenda shule. Zilikuwa za kununua miche ya kaliandra, vipando vya nyasi ya nepia na lori moja la mawe. Basi kijana mmoja akasimama mkutanoni akasema: wafadhili siku hizi hawasomi barua, wanaangalia picha. Tukinunua kamera kubwa ile yenye lenzi ndefu, tutapata pesa mara kumi. Iko kwa rafiki yangu mjini, imetumika kidogo tu.

Mkutano ukagawanyika. Mweka hazina, mama mwenye umri wa kunizaa, alikataa kutia sahihi. Wakasema ni mshamba, hapendi maendeleo. Alikuja kwangu akaketi, akakunywa chai yote kimya, kisha akaniuliza, "Sasa Madam, hiyo kamera itaziba shimo?"

Nilimwambia haitaziba. Lakini nilimwambia pia kwamba yule kijana alikuwa na haki nusu. Nikaomba nione picha walizotuma pamoja na ombi lao miaka miwili nyuma, lile ombi lililorudi bila kitu. Zilikuwa saba. Ya kwanza inamwonyesha mwenyekiti ameshika jembe, na nyuma yake ni mbingu nyeupe tupu. Ya pili ni shimo lililojaa kivuli cheusi. Ya tatu, miguu ya watu. Hakuna hata moja iliyoonyesha korongo linaanzia wapi, lina kina gani, nyumba ya karibu iko umbali gani. Mtu aliyeketi ofisini Nairobi angeweza kufikiri ni shimo la choo.

Kwa hivyo tunahitaji picha nzuri za ardhi yetu, hapo sibishani na kijana. Tofauti yetu iko kwenye kitu kinacholeta picha hiyo nzuri.

Twende kwanza Machakos. Miaka ya 1930 Machakos ilikuwa mfano wa ardhi iliyokufa. Mwaka 1937 ofisa wa serikali ya kikoloni aitwaye Colin Maher aliandika ripoti juu ya mmomonyoko wa udongo wa Ukambani, na mwaka huohuo ofisa mwingine, R. O. Barnes, alipiga picha za vilima vile. Ukizitazama utaona milima imechubuka kama goti la mtoto. Watu wa wilaya nzima wakati ule walikuwa karibu 240,000. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1989 walikuwa wamefika karibu milioni 1.4. Sasa ninyi wakulima niambieni: watu wakizidi karibu mara sita juu ya ardhi iliyochubuka, mnatarajia nini? (Sauti: Jangwa!) Ndiyo, jangwa.

Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Mkenya mwenzetu Francis Gichuki, walichunguza jambo hilo, na kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Katika utafiti huo picha za Barnes zilichukuliwa, mahali palepale pakatafutwa, na picha zikapigwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ziwekwe mbili pamoja, huhitaji kusoma. Kilima ni kilekile, mstari wa juu ni uleule, lakini sasa kuna matuta, kuna miti, kuna nyumba na mashamba. Yale matuta ya "fanya juu" ambayo wageni wameyaandika vitabuni kwa jina hilohilo la Kiswahili yamejaa humo. Na kazi kubwa ilifanywa na nani? Na vikundi vya mwethya, yaani watu kama ninyi, wengi wao akina mama.

Ethiopia nako, huko Tigray, watafiti walichukua picha zilizopigwa mwaka 1868 na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa njiani kwenda Magdala, wakazipiga tena mahali palepale baada ya miaka 140. Watu walizoea kusema kwamba zamani kule kulikuwa kijani na sasa kumeharibika. Picha zilionyesha kwamba sehemu nyingi zina miti zaidi sasa kuliko wakati ule.

Nataka mtazame jambo moja katika habari hizo mbili. Kamera ya mwaka 1868 ilikuwa sanduku la mbao na vioo, na kila picha ilikuwa kazi kubwa. Kijana wetu angeikataa. Lakini picha zake zimetoa ushahidi baada ya miaka mia na zaidi, kwa sababu iliwezekana kujua mpiga picha alisimama wapi. Picha ya ardhi inayosaidia kikundi ni ile inayoweza kupigwa tena kutoka mahali palepale. Moja peke yake ni pambo la ukutani. Mbili, zikiwa na mwaka katikati, hizo ndizo zitakazomfanya ofisa aweke kalamu chini na kuuliza maswali.

Sasa tuje kwenye vyombo.

Wengi hapa mna simu yenye kamera. Nyosheni mikono. Haya, naona mikono zaidi ya ishirini. Basi kamera mnazo tayari. Kwa kazi ya korongo, shamba, chemichemi na miti, simu ya kawaida inatosha, mradi lenzi haijakwaruzika. Lenzi kubwa ya simu huona eneo pana. Wale mliotumia kamera za filamu mtanielewa nikisema ni kama lenzi ya milimita 24 hadi 28, wakati kamera nyingi za zamani zilikuja na ya milimita 50. Upana huo ni mzuri kwa ardhi. Ubaya wake ni kwamba vitu vya mbali hunywea. Utaona vilima vya upande wa Webuye kwa macho, umependezwa, ukipiga vinatoka kama vichuguu vya mchwa. Na usijaribu kuvivuta kwa vidole viwili kwenye kioo. Mkivuta hivyo kwenye simu nyingi za bei yetu, simu haisogei karibu, inakata tu katikati ya picha na kuipanua, kama kuongeza maji kwenye uji. Afadhali utembee, miguu ndiyo lenzi ya bure.

Lenzi ndefu aliyoitaka kijana ina kazi yake. Mkienda msitu wa Kakamega mkataka kumpiga picha yule ndege mkubwa wa buluu anayeitwa turako akiwa juu mtini, bila lenzi ndefu mtapata nukta. Lakini korongo haliruki. Halafu lenzi ndefu inaonyesha kipande kidogo, na sisi tunataka kuonyesha shimo pamoja na nyumba, njia na mlima nyuma yake.

Kama kikundi kina pesa ya ziada kweli, na bado kinataka kamera halisi iliyokwisha kutumika, basi msinunue gizani. Fungueni lenzi, mwielekeze kwenye mwanga wa mlango, mtazame ndani. Mkiona kitu kama utando wa buibui, huo ni ukungu umeota ndani ya kioo, rudisheni. Huku kwetu kuna unyevu. Upande wa msitu wa Kakamega mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na kamera iliyofungiwa ndani ya mfuko wa ngozi kabatini huota ukungu kama mkate. Ulizeni pia chaji iko wapi, na betri mpya inapatikana wapi. Nimeona kamera nzuri sana ikigeuka mapambo kwa sababu chaji yake ilipotea na hakuna duka lililokuwa nayo. Na lenzi fupi ya kawaida inayokuja na kamera hizo, ile iliyoandikwa 18–55, ndiyo mnayohitaji. Hiyo ndefu mwachieni rafiki wa kijana.

Ila kuna vitu vitatu vidogo ningeshauri kabla ya kamera yoyote. Cha kwanza ni kitambaa laini cha pamba, safi, cha kufutia lenzi tu. Si leso uliyofungia pesa, si mate. Simu inakaa mfukoni pamoja na unga na jasho. Picha nyingi mnazoziita za ukungu ni mafuta ya vidole. Cha pili ni kitu cha kutuliza mkono. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, lakini mfuko mdogo wa maharagwe unatosha. Ushone kwa kitambaa kigumu, ujaze maharagwe makavu, uuweke juu ya nguzo, ulaze simu. Msicheke, hata wapiga picha wakubwa wa wanyama huweka mfuko wa namna hiyo dirishani mwa gari. Cha tatu ni daftari. Nitarudi kwake.

Mohamed Amin, yule Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye kazi yake juu ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliamsha dunia nzima, alianza utotoni na kamera ya sanduku ya Box Brownie iliyokwisha kutumika. Sisemi alibaki nayo. Nasema alianza nayo.

Juu ya jua na mawingu

Sisi tuko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na kupanda haraka. Kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa linakuwa juu ya kichwa, na wakati huo ardhi yote inaonekana imelala, haina matuta wala mabonde, na nyuso za watu zina mashimo meusi machoni. Mkitaka matuta yenu yaonekane, pigeni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini na likitoka ubavuni mwenu. Kila tuta litatoa kivuli chake na mtu ataweza kuyahesabu. Msimu wa mvua chagueni asubuhi, maana mnajua wenyewe alasiri zetu. Radi haingoji mtu amalize.

Lakini kwa korongo lenyewe, mambo yanageuka. Jua kali linajaza korongo kivuli, upande mmoja mweupe na mwingine mweusi. Hapo ngojeni wingu. Siku ya mawingu mepesi ambayo mtu wa harusi anaichukia ndiyo siku ya kupiga picha ya shimo, maana mwanga unaingia hadi chini na mizizi inaonekana. Ni hivyo hivyo msituni na chini ya migomba. Na msiingize mbingu nyingi siku ya wingu, maana kamera itaiona mbingu kwanza na kuifanya nchi kuwa giza. Kwenye simu, gusa kioo mahali ardhi ilipo, simu itapima mwanga wa hapo.

Kwa chemichemi shida ni mng'aro. Unapiga picha maji safi yanayotiririka, kinachotoka ni kioo cheupe. Kuna kichujio kinachoitwa polaraiza ambacho wenye kamera hufunga mbele ya lenzi kuondoa mng'aro huo. Kama mmoja wenu ana miwani ya jua ya aina hiyo ya polaraiza, mwombeni, mshike kioo chake mbele ya lenzi ya simu, mkizungushe polepole. Mtaona chini ya maji panatokea. Miwani ya kawaida haifanyi hivyo, inatia giza tu.

Jambo jingine ambalo watu wa vitabu hawatuambii kwa sababu wengi hawakai ikweta. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua letu liko upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba liko kusini. Kwa hivyo ukingo wa korongo uliokuwa na mwanga Juni utakuwa na kivuli Desemba, na mtu ataapa kwamba shimo limeongezeka. Mkirudia picha, rudieni mwezi uleule na saa ileile. Zaidi ya hayo, shamba la mahindi la Juni na shamba lililovunwa haviwezi kulinganishwa.

Kigingi

Sasa hii ndiyo kazi yenyewe, na haigharimu kamera. Kile kikundi tulikaa nacho siku nzima mwezi wa Machi 2022, kabla ya mvua. Tulitembea korongo lote, tukachagua mahali patatu pa kusimama. Kila mahali tukaweka kigingi. Mwanzoni tulifikiria nondo, lakini mzee mmoja akatukumbusha kwamba nondo itaishia kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu kabla ya Pasaka. Tukamwaga saruji ndani ya makopo ya rangi yaliyotupwa, tukayazika hadi shingoni, tukaandika 1, 2, 3 saruji ikiwa bado mbichi. Mti si kigingi kizuri. Lusiola ukiisimamia leo, mwaka kesho imenenepa, na mwaka wa tatu mwenyewe ameikata akauze nguzo.

Mpiga picha anasimama juu ya kigingi, simu ikiwa kwenye kimo cha mita moja na nusu. Tulikata fito ya kimo hicho, simu inalazwa juu ya kichwa cha fito. Kila picha ina kitu cha kulengea: kutoka kigingi 1, pembe ya kushoto ya picha iguse paa la jikoni la nyumba fulani, na mstari wa vilima upite theluthi ya juu. Ardhi theluthi mbili, mbingu moja. Simu nyingi zinaweza kuonyesha mistari ya gridi kwenye kioo, iwasheni, itawasaidia pia kunyoosha upeo, maana picha iliyoinama inafanya hata shamba tambarare lionekane mteremko na mtu atadhani mnadanganya.

Ndani ya korongo tulisimamisha fito nyingine ya mita mbili, iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe kila nusu mita. Bila kipimo hicho, shimo la kumeza ng'ombe na shimo la kumeza kuku ni sawa pichani. Mtu akisimama ni vizuri pia, ila mwakani anaweza kuwa Nairobi, na watoto wanarefuka.

Halafu daftari. Tarehe, saa, nambari ya kigingi, mnaangalia upande gani, hali ya hewa, nani alipiga, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Akina mama wawili walipewa kazi hiyo, na mmoja wao hakumaliza darasa la saba. Daftari lake ni safi kuliko ripoti zangu.

Na mkirudi mara ya pili, chukueni picha ya kwanza iliyochapishwa kwenye karatasi. Ishikeni mkononi mkiwa juu ya kigingi, mlinganishe. Msitegemee kukumbuka.

Walirudi Machi 2023, wakarudi tena Machi 2024. Nataka niwe mkweli kwenu juu ya kilichoonekana. Walikuwa wamepanda nepia na kujenga vizuizi vya mawe kwa zile shilingi 45,000, kwa sababu mweka hazina alishinda. Kigingi 2 na 3 zilitupa furaha. Sehemu ya chini ya korongo ilikuwa imejaa udongo na nyasi, ile fito nyekundu na nyeupe ilikuwa imezama karibu nusu mita. Watu walipiga makofi. Kisha tukatazama kigingi 1, kule juu. Huko korongo lilikuwa limepanda, limekula hatua saba zaidi kuelekea barabarani. Hakuna aliyekuwa ameliona, ijapokuwa wote hupita hapo kila siku, maana jicho linazoea. Picha mbili zilipowekwa mezani palinyamaza.

Mwenyekiti alisema tusiitume ile ya kigingi 1, itatuharibia jina. Tulibishana sana siku hiyo, na mimi nilitaka wote watatu waende pamoja. Mwishowe kijana yuleyule wa kamera ndiye aliyekuza picha kwenye simu yake akaonyesha kitu: maji hayakuwa yakitoka mashambani. Yalikuwa yakitoka kwenye kalvati ya barabara, yanamwagwa yote mahali pamoja. Nyasi za watu maskini zinawezaje kuzuia maji ya barabara nzima? Picha zote tatu, za miaka yote mitatu, zilipelekwa kwa chifu na kwa ofisi ya wadi zikiwa zimebandikwa kwenye kadibodi moja. Mhandisi alikuja kutazama. Mtaro wa kugawanya maji umechimbwa upande mmoja, wa pili bado tunaudai. Kijana sasa ndiye mpiga picha wa kikundi, kwa simu yake mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowaomba msifiche picha mbaya. Mkituma nzuri peke yake, hata ninyi hamtajua ni wapi mnapopoteza.

Machache ya kumalizia, haraka, naona sufuria za chakula zinaingia.

Shamba ni la mtu. Kabla ya kusimama juu ya shamba la jirani na simu, ombeni ruhusa, na mkipiga picha watu, waulizeni na mwaambie itakwenda wapi. Tangu mwaka 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu, na picha ya uso wa mtu ni habari zake. Mtoto, ulizeni mzazi. Mama anayechota maji akiwa na nguo iliyoraruka, mwacheni avae vizuri kwanza. Tunaomba mawe ya kuziba korongo, hatuuzi umaskini wake.

Zile ndege ndogo za kupiga picha kutoka juu, mnazoziona kwenye harusi, msizikodishe ovyo. Zinatakiwa kuwa na kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege, na kuna kanuni zake tangu 2020. Kilima hufanya kazi hiyo bila kibali. Mkitembelea msitu upande wa Isecheno, pandeni kilima cha Lirhanda asubuhi mjifunze jinsi nchi inavyoonekana kutoka juu.

Juu ya kutunza picha, nitawaambia aibu yangu. Mwaka 2006 nilitumwa kupiga picha chemichemi kumi na mbili kabla hazijajengewa, kwa kamera ya ofisi ya filamu. Nilitembea siku tatu, nikapiga 36 zote. Studio walinirudishia ukanda mtupu. Filamu haikushika kwenye meno yake. Ilikaa mahali pamoja siku zote tatu, na mimi sikutazama kama kile kitasa cha kurudishia kilikuwa kinazunguka. Chemichemi zilijengwa, na hadi leo hakuna anayeweza kuonyesha zilivyokuwa. Siku hizi filamu haiko, lakini simu huibiwa, huanguka chooni, hubadilishwa. Kwa hivyo siku hiyohiyo ya kupiga, angalieni picha kabla ya kuondoka kwenye kigingi. Kisha ziwekwe mahali pawili: moja kwenye kompyuta ya parokia au kwenye kadi ya kumbukumbu anayoiweka katibu, na moja ichapishwe, ukubwa wa postikadi, iingie kwenye faili la kikundi na tarehe nyuma kwa kalamu ya risasi. Mkimtumia mtu kwa WhatsApp, itumeni kama dokumenti, si kama picha, maana ikienda kama picha inapunguzwa na ile fito yenu itakuwa kivuli.

Kadi na simu mnaweza kuziweka pamoja na mchele uliokaangwa kidogo ukakauka, umefungwa ndani ya kitambaa, kwenye mkebe wa maziwa wenye kifuniko. Mchele unavuta unyevu. Ubadilishwe kila mwezi, na usipikwe.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: Na kama korongo letu limekwisha kuzibwa, bado tuweke kigingi?)

Wekeni, mama. Mvua ya mwaka kesho haijui kwamba mmekwisha ziba.

(Swali: Saruji tutoe wapi?)

Mfuko mmoja unatosha vigingi vya vikundi vyote vilivyo hapa, vya chemichemi na vya mashamba. Ofisi yetu italeta mfuko huo. Ninyi leteni makopo ya rangi yaliyotumika, matatu kila kikundi, na mchanga debe moja. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi tuanzie kule kwenye kalvati, na mwenye simu aje ameichaji usiku.